Anga la Tanga linatoka jeupe pee kwenye picha: tatizo ni kamera, hewa, au mimi? Na kubandika mawingu ni haki?

#1 Kijana wa Chumbageni
Wakuu, habari za jioni.

Nimepewa kazi ya picha kumi za mandhari ya Tanga, zichapwe kubwa na kutundikwa kwenye nyumba ya wageni moja hapa mjini. Wiki mbili hizi nimezunguka Raskazone, Mwambani, Tongoni kwenye magofu, na upande wa bandarini. Mwenye nyumba kazipokea, kazitandaza mezani, kanirudishia saba. Kasema, "Mwanangu, mbona mbingu zote kama shuka la hospitali?"

Na ni kweli. Ngalawa imetoka, minazi imetoka, maji yametoka, juu hamna kitu. Wakati napiga, macho yangu yaliona bluu, tena na mawingu madogo madogo upande wa Pemba.

Naomba wajuzi mnisaidie mambo mawili. Kwanza, ile bluu imekwenda wapi? Pili, zile saba zinaokoka kwa kuediti, au nibandike mawingu kutoka picha nyingine? Roho inasita kubandika.

Kamera ni ya kubadilisha lenzi, napiga JPEG, yale mafaili ambayo kamera imeshayabana. Asubuhi nina kibarua kingine, kwa hiyo napiga kuanzia saa tano mpaka saa tisa.

#2 Mama Studio
Jibu umeliandika mwenyewe kwenye mstari wa mwisho. Saa tano mpaka saa tisa, mwezi huu wa pili, jua liko utosini. Hata mimi mwenye miaka kumi na tisa kwenye kazi hii siwezi kukutolea anga saa hiyo. Amka alfajiri, kibarua kitangoja.

#3 Mwalimu wa Pongwe
Mama Studio yuko sawa kuhusu saa, ila sababu ni pana kuliko hapo. Bluu ya anga inatokana na molekuli za hewa, ambazo ni ndogo sana na hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Hewa ya pwani imejaa vitone vya maji na chembe za chumvi. Hizo ni kubwa, zinatawanya rangi zote karibu sawasawa, na rangi zote zikichanganyika unapata weupe. Ndiyo maana ukitazama juu utosini unaona bluu, ukishusha macho kuelekea upeo wa bahari inapauka. Kwenye upeo unatazama kupitia hewa nyingi zaidi, yenye chumvi zaidi, na mandhari karibu zote zinapigwa kuelekea upeo.

Subiri mvua inyeshe na kuiosha hewa, halafu toka nje. Siku hiyo utaiona hata milima ya Usambara kutoka mjini.

#4 Fundi wa Barabara ya 12
Mwalimu, heshima yako, ila hapa umemwonea hewa bure. Kijana kasema jicho lake *liliona* bluu na mawingu. Kama hewa ingekuwa imefuta kila kitu, jicho nalo lisingeona. Hapa tatizo ni upimaji wa mwanga.

Kamera imepima minazi na mchanga wenye kivuli, ikafungua mwanga ili hivyo vionekane, na anga ambalo ni angavu mara nyingi zaidi likaungua. Kwenye JPEG kila rangi ina ngazi 256, kuanzia 0 mpaka 255. Nyekundu, kijani na bluu zote tatu zikigota 255, ni weupe mtupu, hakuna taarifa ndani yake. Hapo hata malaika hawezi kukurudishia wingu.

Kijana, fanya jaribio dogo. Fungua picha, shusha mwangaza wote mpaka chini. Anga likigeuka kijivu tambarare kama ukuta wa saruji, limeungua. Ukianza kuona kingo za mawingu, lipo, limejificha tu. Rudi utuambie.

#5 Mpwa wa Pwani
Kabla ya yote hayo, umefuta lenzi? Sitanii. Ukikaa Mwambani nusu saa na upepo wa kaskazi unakupuliza usoni, kioo cha mbele kinapata utando wa chumvi usiouona mpaka ukiangalie kwa pembeni. Ukitoka kwenye gari lenye AC ndiyo balaa zaidi, kioo kinashika jasho papo hapo na picha nzima inakuwa ya maziwa. Mimi nilihangaika miezi mitatu kuilaumu kamera.

#6 Kijana wa Chumbageni
Asanteni sana.

@Fundi nimefanya jaribio. Kati ya saba, nne zimegeuka saruji kama ulivyosema. Tatu zina mawingu, hafifu lakini yapo!

@Mpwa wa Pwani nimekiinamisha kioo kwenye taa. Kuna utando, na alama ya kidole changu katikati kabisa. Sasa sijui nimlaumu nani kati ya watu wanne.

#7 Fundi wa Barabara ya 12
Hizo tatu tuzishughulikie. Huhitaji kununua kitu, darktable na GIMP ni programu za bure za kuediti picha, na kwenye simu Snapseed inatosha kwa kuanzia.

Usishushe mwangaza wa picha nzima, utaua minazi. Weka gradienti: giza lianze juu kabisa na lififie kadiri linavyoshuka, liishe kabla ya kugusa upeo. Kumbuka alichosema Mwalimu, mbingu ya kweli hupauka chini. Ukiikoleza mpaka kwenye mstari wa bahari, mtu yeyote aliyekulia pwani atahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Kisha shusha hailaiti (sehemu angavu), ongeza kontrasti kidogo ndani ya gradienti hiyo tu, na bluu uiguse kwa ncha ya kidole. Wengi wanaharibu hapo kwenye bluu.

Uwe macho na kitu kimoja. Una ngalawa kwenye picha, na tanga lake limevuka upeo. Gradienti haijui tanga wala wingu, itapita juu ya vyote viwili, na tanga jeupe litageuka rangi ya majivu. Maski, ile kinga ya kuteua sehemu ya kuediti, ukiichagua kwa mwangaza haitakusaidia, kwa sababu tanga na anga vina mwangaza uleule. Ukuze picha mpaka uone uzi wa tanga, uchukue brashi laini, ufute giza hapo kwa mkono taratibu. Dakika kumi na tano kwa tanga moja, hakuna njia ya mkato.

Na kuanzia kesho piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384 kwa kila rangi badala ya 256. Ukikoleza anga la JPEG utaona michirizi kama tabaka za kitunguu. RAW inavumilia.

#8 Binti Kaole
Naomba niongezee kutoka huku Bagamoyo, maana kwenye hili la rangi nyeupe nimeadhibiwa.

Kwa zile nne zilizoungua kuna njia ya haraka: unaweka picha ya mawingu chini, picha yako juu, halafu leya (tabaka) ya juu unaipa hali ya kuzidisha. Hesabu yake ni rahisi. Weupe kamili ni sawa na moja, na moja mara wingu ni wingu, kwa hiyo mawingu yanajitokeza palipo peupe. Kuti jeusi linabaki jeusi. Huhitaji kukata minazi jani kwa jani. Kwenye Snapseed unaweza kupata kitu cha karibu na hicho ukiunganisha picha mbili na kuchagua hali ya kutia giza.

Nilifanya hivyo kwenye picha za harusi ufukweni. Makuti yalitoka safi, nikafurahi, nikatuma. Bwana harusi kanipigia kwa upole kabisa: "Dada, mbona nina wingu kifuani?" Kanzu. Kanzu nyeupe nayo ni moja. Wingu lilikuwa limepita mpaka mkononi. Tangu siku hiyo, picha yenye kanzu, tanga au ukuta wa chokaa naiwekea maski kwanza, kisha ndiyo nazidisha.

#9 Mgosi wa Sahare
"Dada, mbona nina wingu kifuani" 😂😂 Nimesoma nikiwa kwenye daladala, watu wamenigeukia. Pole sana dada, na asante kwa kusema ukweli. Nafuatilia huu uzi.

#10 Mjukuu wa Nahodha
Binti Kaole kanikumbusha kisa changu, hukohuko Bagamoyo.

Miaka minne iliyopita niliediti picha ya familia, imepigwa ufukweni jioni, nyuma yao bahari. Anga lilikuwa jeupe. Nikatumia ile zana ya Photoshop ya kubadilisha anga, iliyoingia mwaka 2020. Nikachagua machweo, machungwa na zambarau, jua nusu limezama kwenye maji. Kila mtu kaipenda. Nikampelekea babu, ambaye alivua bahari ile tangu kijana. Kaisogeza dirishani, kaitazama kimya muda mrefu, kisha kaniuliza, "Hili jua linazama wapi?"

Nikasema baharini.

"Upande huo ni Unguja. Jua linatoka huko, halirudi huko."

Sikuwa na la kujibu. Nimezaliwa pale, kila siku ya maisha yangu jua limezama nyuma ya mji, na bado nilibandika jua mashariki saa kumi na mbili jioni. Tangu hapo sigusi anga kabla ya kujiuliza nimesimama wapi na natazama wapi.

#11 Mpwa wa Pwani
Si ungesema tu ni macheo, yaishe?

#12 Mjukuu wa Nahodha
Nilijaribu! Babu akaniwekea kidole kwenye uso wa mama. Mwanga ulikuwa unampiga usoni, maana yake unatokea nyuma ya mpiga picha, upande wa nchi kavu. Jua likiwa baharini nyuma yake, uso ungekuwa kivulini. Picha ilikuwa na majua mawili. Na maji je? Yamebaki ya kijivu, hayana chembe ya machungwa. Bahari ni kioo cha mbingu, ukibadilisha moja bila nyingine umevunja kioo.

#13 Mgosi wa Sahare
Hapo kwenye jua kuzama baharini naomba nisahihishe kwa niaba ya Tanga, maana mtu anaweza kusoma akadhani pwani yote ni hivyo. Bagamoyo sawa. Ila ukisimama Raskazone ukageukia magharibi unatazama ndani ya ghuba, bandari, kisiwa cha Toten kule, na jua linashuka ng'ambo ya maji kabisa. Machweo juu ya maji Tanga yapo, tena ya kweli. Bagamoyo mna historia, machweo ya majini tuachieni sisi.

#14 Binti Kaole
Tumewaachia 😄 Sisi macheo yanatutosha, ngalawa zinarudi na samaki jua likiwa nyuma yake.

#15 Mzee wa Chumba cha Giza
Nawasalimu vijana. Nilianza na filamu, nikaosha picha kwa mikono kwenye taa nyekundu. Naona mnalizungumza jambo hili kana kwamba limeletwa na kompyuta. Ni la zamani kuliko bibi zenu.

Vioo vya kupigia picha vya karne ya 19 viliathirika sana na mwanga wa bluu. Anga likiwa bluu, kioo kililiona kama mwanga mkali na likatoka jeupe. Ni tatizo lilelile la kijana. Mfaransa Gustave Le Gray, kwenye baadhi ya picha zake za bahari za miaka ya 1856 na 1857, alipiga bahari kwenye kioo kimoja na anga kwenye kingine, kisha akazichapa kwenye karatasi moja, akiziunganisha kwenye mstari wa upeo. Hiyo ndiyo kubandika mawingu, kabla hata Wajerumani hawajatia mguu Bagamoyo.

Kuna na njia nyingine. Mwaka 1927 Mmarekani Ansel Adams alikuwa Yosemite akipiga mwamba wa Half Dome, vioo vikikaribia kumwishia. Akaona filta ya njano haitampa anga alilolihisi, akaweka nyekundu. Filta nyekundu inazuia bluu, anga likatoka karibu jeusi na mwamba ukasimama. Hakuongeza wingu wala kitu. Alichagua tu mwanga upi uingie. Mimi nafsi yangu iko upande huo.

#16 Kijana wa Chumbageni
Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya filta nyekundu inawezekana kwa picha ya rangi?

#17 Mzee wa Chumba cha Giza
Marahaba. Kwa rangi hapana, utapata picha nyekundu yote. Lakini ukitaka moja yenye rangi nyeusi na nyeupe, piga ya rangi, kisha kwenye kugeuza shusha bluu. Magofu ya Tongoni yanapendeza hivyo, matumbawe yanatoka kila tundu. Anga liwe na bluu lakini, ukishusha bluu ya anga lililoungua hupati kitu.

#18 Dereva Picha
Mnazunguka sana, nunueni polaraiza, filta ya kuchuja mwanga. Unaizungusha mbele ya lenzi, anga linakuwa wino.

#19 Mama Studio
Ninayo. Mwambani saa sita mchana haikunifanyia lolote.

#20 Mwalimu wa Pongwe
Mnaweza kuwa sawa wote wawili. Polaraiza inafanya kazi zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo pembe mraba, nyuzi 90, kutoka kwenye jua. Nyoosha kidole cha shahada kulielekea jua, simamisha kidole gumba, kisha zungusha mkono bila kuhamisha kile cha shahada. Gumba linakopita ndiko anga litakolea.

Sasa jua likiwa utosini, kama hapa Tanga mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, gumba litazunguka kwenye upeo pande zote. Kwa nadharia ni neema, kila upande unafaa. Lakini upeoni ndiko ule weupe wa chumvi umejaa, na mwanga uliotawanywa mara nyingi unapoteza mpangilio ambao filta inautegemea. Ndiyo maana Mama Studio hakuona kitu.

#21 Dereva Picha
Mwalimu, mimi nilipiga Pangani saa sita na nusu na bluu ilikuja. Picha ninayo.

#22 Mwalimu wa Pongwe
Mvua ilikuwa imenyesha jana yake?

#23 Dereva Picha
Sikumbuki. Ila polaraiza ilifanya kazi.

#24 Ripota wa Zamani
Nisogeze kwenye swali la pili la kijana, maana mmelipita. Picha ya habari haibandikwi wingu, hapo hapana mjadala. Mashindano makubwa kama World Press Photo yanaitoa picha ikiongezwa au kuondolewa kitu. Picha ya ukutani ni suala jingine, ila mimi bado sikubali. Mgeni analala pale, anaamka, anakwenda ufukweni na ile picha kichwani. Anga la Tanga lina siku zake nyeupe. Ukungu wa joto la kaskazi ni wa kwetu kama mwembe ulivyo wetu.

#25 Binti Kaole
Kaka Ripota, nakuelewa, lakini kamera yenyewe ilidanganya kwanza. Kijana aliona mawingu upande wa Pemba, mashine haikuyaona. Kurudisha alichokiona ni uongo?

#26 Ripota wa Zamani
Kurudisha mawingu *yale*, sawa. Kuleta ya Uswisi, hapana.

#27 Mjukuu wa Nahodha
Nakazia hapo. Na si jua tu linalowaumbua watu. Kuna kalenda niliiona, Ngome Kongwe ya Bagamoyo usiku, mwezi mwandamo umebandikwa umesimama wima kama herufi C. Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga hulala, umekaa kama dau. Mtoto wa madrasa angeliona kosa lile.

Mawingu nayo yana umbali wake. Ukipiga mawingu ya utosini ukayashusha upeoni yanakuwa makubwa mno, kama yanataka kuiangukia ngalawa. Ya upeoni huwa madogo na yamebanana. Ukibandika, yawe yamepigwa kuelekea upeo, kwa lenzi ileile.

#28 Kijana wa Chumbageni
Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Samahani kwa kimya.

Nimeomba ruhusa kazini asubuhi tatu. Ya kwanza mawingu matupu. Ya pili Raskazone, nimefika kabla ya saa kumi na mbili, maji yamekupwa, lenzi nimeifuta kwa kitambaa kikavu mara mbili. Nimefunga kamera kwenye miguu mitatu, nikapiga picha mbili za RAW bila kuigusa: moja kwa ajili ya mchanga na minazi, moja kwa ajili ya anga. Nimeziunganisha kwenye GIMP. Mawingu ya Pemba yametoka, ya asubuhi ileile, sikubandika ya mtu. Shida ni upepo. Kati ya picha ya kwanza na ya pili makuti yalisogea, sasa kuna mnazi wenye kivuli chake pembeni kama mzimu.

Zile tatu nimeziokoa kwa gradienti ya Fundi. Tanga la ngalawa limenichukua dakika arobaini, si kumi na tano.

Kwenye zile nne zilizoungua, mbili nimeziacha. Mbili nimebandika mawingu niliyopiga mwenyewe asubuhi ya tatu, upande uleule, lenzi ileile, na maji nikayatia rangi kidogo yaendane. Lakini ardhini vivuli ni vya saa saba mchana na mawingu ni ya saa moja asubuhi. Mimi naliona hilo kila nikizitazama. Mwenye nyumba haoni, tena moja ya hizo mbili ndiyo kaipenda kuliko zote, anataka iwe ya mapokezi. Nimpe? Au nimwambie kwanza?

#29 Ripota wa Zamani
Mwambie. Na uandike nyuma ya fremu.

#30 Mama Studio
Mpe, ulipwe. Kazi nzuri, mwanangu. Ila ungeirudia ileile alfajiri usingekuwa na swali hili.

#31 Mzee wa Chumba cha Giza
Mwambie, kisha mwonyeshe na ile ya Raskazone, hata na mzimu wake. Achague mwenyewe akijua.

#32 Mpwa wa Pwani
Hiyo saa moja na saa saba nani ataipima ukutani? Mimi nampa.

#33 Mjukuu wa Nahodha
Babu yangu angeipima.

#34 Fundi wa Barabara ya 12
Hilo la kusema au kutosema mtajuana. Kijana, nitumie yale mafaili mawili ya RAW ya Raskazone, usipitishe WhatsApp kama picha, tuma kama dokumenti yasibanwe. Mzimu unaondoka: kwenye mnazi tumia picha moja tu, ile ya mchanga, na maski ya anga uisimamishe nje ya makuti kwa upana wa unywele. Nimekuza ile uliyoweka hapa. Anza na kuti la tatu kutoka kushoto, lile lililopasuka ncha. Likikaa hilo, mengine yatafuata.

#35 Kijana wa Chumbageni
Natuma sasa hivi, mgosi. Kuti la tatu nimeliona.